Mwongozo kamili: kukata silabi na kutamka namba za mpangilio za Kiitaliano, kuanzia primo mpaka ventesimo na kuendelea

Naandika hii kwasababu swali ni lile lile kila wiki. Mtu anahesabu vizuri tu, uno, due, tre mpaka cento, lakini mwambie aseme "wa saba" au "ghorofa ya tatu" hapo ndo mambo yanaharibika. Na siyo kwamba neno halijui, analijua, ila likitoka mdomoni Muitaliano halitambui.

Juzi nilikuwa kwenye hoteli moja ndogo Mji Mkongwe, kijana wa mapokezi akampa mama mmoja wa Kiitaliano ufunguo akamwambia chumba kipo "al tezo piano". Mama akarudia, "tezo?" Akautazama ufunguo, akamtazama kijana, mpaka kijana alipoinua vidole vitatu ndo mama akasema "ah, terzo!" Sasa tezo kwetu ni kifaa cha fundi wa majahazi, na quarto ukiisema bila r inakuwa kwato. Kijana hakukosea Kiitaliano, alikosea r moja na z moja, basi.

Nimekaa na vijana wengi wanaofanya kazi na Waitaliano na nimegundua makosa mengi yanatoka sehemu mbili. Kwanza tunaweka mkazo pale Kiswahili kinapoweka. Pili tunataka kila silabi iishie na irabu kama kwetu. Ukizirekebisha hizo mbili, vilivyobaki ni vidogo. Kwaiyo mwongozo huu unafata mpango mmoja: kata neno kwanza, weka mkazo, alafu ndo utamke. Usiruke hatua, manake wengi wanaanza kutamka kabla hawajakata na kosa linazoea ulimi, kulitoa baadae ni kazi.

## Vitu vya kuandaa

Daftari na penseli, pamoja na kalamu ya rangi nyingine (nyekundu ni nzuri) kwa ajili ya mkazo.

Simu yenye sehemu ya kurekodi sauti. Hii ni lazima kwasababu sikio lako linakudanganya wakati unaongea, ukijisikiliza baadae ndo unasikia ukweli.

Kamusi ya Kiitaliano ya mtandaoni yenye sauti ya mtu, au rafiki Muitaliano atakaekusomea namba zote 20 taratibu mara moja ukamrekodi. Usitumie sauti ya simu ambayo lugha yake imewekwa Kiswahili au Kiingereza, itasoma kwa matamshi ya lugha hiyo na utajifunza makosa.

Mwisho mkono wako, utakaa chini ya kidevu. Ntaeleza.

Muda: dakika 20 kwa siku, siku tano au sita. Usijaribu kumaliza kwa mkao mmoja.

## Hatua ya 1: Andika kumi za mwanzo na uzikate

Andika hizi kwa mstari wa kushuka chini, na acha nafasi pembeni:

primo (wa kwanza), secondo (wa pili), terzo (wa tatu), quarto (wa nne), quinto (wa tano), sesto (wa sita), settimo (wa saba), ottavo (wa nane), nono (wa tisa), decimo (wa kumi).

Sasa chukua penseli ukate kwa sheria hizi.

Konsonanti moja katikati ya irabu mbili inaenda na irabu inayofuata. Hii ni kama kwetu, haina shida: pri-mo, no-no, de-ci-mo. Na pr haikatwi, inakaa pamoja, ndo maana ni pri- na sio p-ri.

Konsonanti mbili zinazofanana zinaachana. Moja inabaki nyuma, moja inaenda mbele: set-ti-mo, ot-ta-vo.

L, m, n au r ikifuatwa na konsonanti nyingine inabaki nyuma. Yaani ter-zo, quar-to, quin-to, se-con-do. Hapa ndo Mswahili anapokosea bila kujua. Sisi shuleni tulifundishwa nyu-mba, tu-mbo, ki-nda, n na m zinapanda gari moja na konsonanti inayofuata. Kwaiyo ukiona secondo akili inakata yenyewe se-ko-ndo, na quinto inakuwa kwi-nto. Kwa Kiitaliano n inafunga silabi ya nyuma, inabaki na con, inabaki na quin. Andika hivo na ukate hivo hata kama mkono unakataa.

S ikifuatwa na konsonanti haikatwi nayo. Sesto ni se-sto. Watu wanashangaa lakini sisi wenyewe tunayo, sta-re-he, sta-ha, na kuna stoo ya kuwekea vitu. Sema se alafu stoo fupi.

Qu ni kitu kimoja. Usiitenganishe. Qua ni silabi moja, kama kwa yetu, na qui ni kama kwi ya kwikwi.

Ukimaliza karatasi yako inatakiwa iwe hivi:

- pri-mo
- se-con-do
- ter-zo
- quar-to
- quin-to
- se-sto
- set-ti-mo
- ot-ta-vo
- no-no
- de-ci-mo

Sasa weka mkono chini ya kidevu, kiganja kikiangalia chini, useme kila neno taratibu. Kila silabi kidevu kinashuka mara moja. Terzo kidevu kishuke mara mbili tu. Kikishuka mara tatu maana yake umesema te-ri-zo, umeingiza irabu isiyokuwepo. Sesto nayo mbili, wengi wanasema se-si-to. Quarto mbili, siyo kwa-ri-to.

Na usiseme "ulimi wetu hauwezi kufunga silabi". Unaweza, kila siku unasema lab-da, mak-ta-ba, Al-ha-mi-si, kar-ne. R ya karne ndo r ya ter-zo na quar-to. Ukikwama sema karne, karne, karne, alafu papo hapo sema quarto.

Umefanikiwa ukiona: kidevu kinashuka mara mbili kwenye primo, terzo, quarto, quinto, sesto na nono, na mara tatu kwenye secondo, settimo, ottavo na decimo.

## Hatua ya 2: Weka mkazo, kwa kalamu nyekundu

Hii ndo hatua kubwa kuliko zote, na kama una muda wa hatua moja tu leo basi fanya hii.

Kiswahili mkazo wetu upo silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Hatufikirii, unakuja wenyewe. Kiitaliano hakina sheria moja ya namna hiyo na mbaya zaidi hawauandiki, alama ya mkazo utaiona tu ukiangukia silabi ya mwisho kabisa. Kwaiyo ukisoma settimo kwenye karatasi hakuna kinachokuonya.

Habari njema ni kwamba kwenye kumi za mwanzo, nane zinafata tabia yetu. Chora mstari mwekundu chini ya silabi yenye mkazo:

PRI-mo, se-CON-do, TER-zo, QUAR-to, QUIN-to, SE-sto, ot-TA-vo, NO-no.

Mbili zilizobaki ndo zinazotuumbua:

SET-ti-mo. DE-ci-mo.

Mkazo upo mwanzo, silabi ya tatu kutoka mwisho. Sisi tunasema set-TI-mo na de-CI-mo, na hapo msikilizaji anapotea, manake kwa Muitaliano mkazo ukihama neno linabadilika sura kabisa.

Kama unaona ni jambo geni, kumbuka barabara. Njia ya magari ni bara-BA-ra. Lakini mtu akikwambia kazi imekwenda sawasawa, "ba-RA-bara!", mkazo umesogea nyuma. Herufi zile zile na maana mbili. Unaweza kuifanya tayari, unatakiwa tu uifanye kwa makusudi.

Zoezi lake: piga kofi moja kwenye silabi nyekundu na zilizobaki uziseme bila kofi, haraka na nyepesi. SET (kofi) timo. DE (kofi) chimo. Rudia mara kumi. Alafu changanya: sesto, settimo, ottavo, nono, decimo, kofi linatembea kila neno mahali pake. Kwenye ottavo kofi lipo katikati, hapo watu wanajichanganya kwasababu wametoka settimo na wanataka kupiga mwanzo tena.

Kitu kingine cha kuangalia hapa ni urefu. Silabi yenye mkazo ikiwa wazi, yaani inaishia na irabu, Muitaliano anaivuta kidogo: prii-mo, noo-no, ottaa-vo. Ikiwa imefungwa na konsonanti haivutwi: ter-zo, quar-to, set-timo zinakuwa fupi na kali. Sesto nayo kwenye kutamka iache fupi, ingawa kwenye kuandika inakatwa se-sto.

Onyo: usipige kelele ukidhani ndo mkazo. Mkazo ni nguvu kidogo na muda kidogo. Ukipaza sauti sana unasikika kama unagomba.

Umefanikiwa ukiona: umejirekodi ukisema settimo na decimo mara tatu tatu, ukasikiliza, na ule mwisho -timo na -cimo umepita haraka kama mkia tu.

## Hatua ya 3: Herufi nne zinazosomeka tofauti

Hii tupite haraka, si ngumu ila inatakiwa uwe makini.

C. Mbele ya e na i inasomeka ch ya Kiswahili. Decimo ni DE-chimo. Mbele ya a, o, u ni k, kwaiyo secondo ni se-KON-do. Na ukikutana na ch ya Kiitaliano ujue hiyo ni k, kinyume na sisi. Kwenye namba hizi haipo lakini itakukuta kwenye chilometro, ambayo ni kilometro.

Z. Kwenye terzo ni ts, ulimi unagusa kama t alafu unaachia s, zote kwa pamoja: TER-tso. Siyo z ya zawadi. Kama inakusumbua sema "ter" usimame, sema "tso" peke yake mara tano, alafu unganisha.

R. Itetemeshe kidogo na isikike popote ilipo, hasa kabla ya konsonanti. Waliosoma sana Kiingereza wana tabia ya kuimeza r iliyo katikati ya neno, na ukiimeza ndo unapata tezo na kwato.

S. Kwenye sesto zote mbili ni s yetu ya kawaida. Kwenye -esimo, ambayo tutaifikia, matamshi yanayofundishwa ni z, yaani -EZIMO. Utasikia baadhi ya Waitaliano, hasa wa kusini, wanasema s safi. Wote wanaelewana, ila wewe chagua z ushike hiyo moja.

## Hatua ya 4: Konsonanti mbili, na babu aliyejificha kwenye nono

Kiitaliano kinatofautisha konsonanti moja na mbili, na siyo urembo wa kuandika, inabadilisha maana. Angalia hii:

nono = wa tisa
nonno = babu

nona = ya tisa
nonna = bibi, mama mzaa mama au mzaa baba

Nimeshamsikia mtembeza wageni, kijana hodari kabisa na historia ya mji ameishika, akiwaambia wageni wake kwamba sehemu fulani ni kituo cha "nonno". Watu wakawa wanageuka kumtafuta mzee. Hakuna aliyemcheka lakini maelezo yake mazuri ya dakika mbili nzima yakapita bila kusikilizwa, kila mtu bado anajiuliza babu yupo wapi. Iliniuma kweli manake kosa lenyewe ni n moja.

Nono ya Kiitaliano itamke kama sisi tunavosema ng'ombe nono. Hivo hivo, o ya kwanza imevutika kidogo, n moja nyepesi. Usiongeze kitu.

Nonno sasa: o ya kwanza fupi, alafu unakaa kwenye n. Na kukaa kwenye n tunajua, si tunasema nne? Jisikilize ukisema nne, ulimi umeganda juu nyuma ya meno na sauti inaendelea puani kabla hujaachia. Hiyo ndo n ya nonno. Sema no-nne, no-nne, alafu badilisha mwisho uwe o.

Kwa tt ya settimo na ottavo puani hakutoki kitu, kwaiyo badala ya sauti unapata kimya kidogo. Sema "set", ulimi ubaki umeziba hapo juu, usiuachie, hesabu kofi moja kimoyomoyo, alafu achia "ti". Set … timo. Ot … tavo. Ukizoea kile kimya kinafupika mpaka kinakuwa cha kawaida, lakini kisipotee.

Mliosoma chuo cha Kurani mna faida kubwa hapa. Ni shadda, ile alama ya Kiarabu ya kukaza herufi. Vile mwalimu alivokuwa hakuachi upite juu juu kwenye inna, anataka nuni ikae mahali pake, ndo hivo hivo. Na sitta ya Kiarabu yenye te mbili ukiilinganisha na sita yetu, utaona kabisa tofauti ya t moja na mbili. Chukua ile tt ya sitta uipeleke kwenye settimo.

Zoezi: andika jozi hizi na uzisome kwa kupishana mara kumi, kwa kurekodi.

- nono / nonno
- nona / nonna
- sete / sette (kiu / saba)

Umefanikiwa ukiona: umempa mtu mwingine rekodi bila kumwonyesha karatasi, akaweza kukwambia hii ndefu, hii fupi, bila kukosea. Hata asiyejua Kiitaliano anaweza kufanya kazi hiyo.

## Hatua ya 5: Kuanzia 11 mpaka 20, mkia wa -esimo

Hapa wengi wanaogopa kwasababu maneno ni marefu, lakini ukweli ni rahisi kuliko kumi za mwanzo. Kuanzia 11 na kuendelea karibu zote zinatengenezwa kwa namna moja: chukua namba ya kawaida, toa irabu ya mwisho, weka -esimo. Undici inakuwa undicesimo. Venti inakuwa ventesimo.

Na mkazo ni ule ule siku zote, upo kwenye E ya -esimo. Hakuna ya kukariri moja moja. Ukiona -esimo kofi linapiga pale kwenye E na si kwengine.

- un-di-CE-si-mo (un-di-CHE-zi-mo)
- do-di-CE-si-mo (do-di-CHE-zi-mo)
- tre-di-CE-si-mo (tre-di-CHE-zi-mo)
- quat-tor-di-CE-si-mo (kwat-tor-di-CHE-zi-mo)
- quin-di-CE-si-mo (kwin-di-CHE-zi-mo)
- se-di-CE-si-mo (se-di-CHE-zi-mo)
- di-cias-set-TE-si-mo (di-chas-set-TE-zi-mo)
- di-ciot-TE-si-mo (di-chot-TE-zi-mo)
- di-cian-no-VE-si-mo (di-chan-no-VE-zi-mo)
- ven-TE-si-mo (ven-TE-zi-mo)

Mitego iko mitatu.

Mtego wa kwanza ni kwa waliozoea kuhesabu. Undici mkazo wake upo mwanzo, UN-dichi, kwaiyo wanauleta na kwenye undicesimo wanasema UN-dichesimo. Hapana. Mkia ukiingia mkazo wote unahamia kwenye mkia.

Wa pili ni wa Kiswahili chetu, undice-SI-mo. Mdomo unataka silabi ya pili kutoka mwisho. Dawa yake ninayoiamini ni kujifunza neno kutoka nyuma. Sema "EZIMO" peke yake mara tano, mkazo mwanzo. Ongeza: CHEZIMO. Ongeza: diCHEZIMO. Ongeza: undiCHEZIMO. Ukianza nyuma, mkia unakuwa umeshakaa sawa kabla mwanzo haujaja kuuharibu. Nimejaribu njia nyingi na watu, hii ndo inashika haraka zaidi.

Wa tatu ni ile i ya cia na cio. Kwenye diciassettesimo, diciottesimo na diciannovesimo i inayofata c haisemwi, kazi yake ni kuifanya c iwe ch tu. Ni di-chas, di-chot, di-chan. Ukisema di-chi-a-set umeongeza silabi moja. Tumia kidevu: diciottesimo ni mara tano, diciassettesimo na diciannovesimo ni mara sita.

Alafu angalia konsonanti mbili zilizojificha humo: tt kwenye quattordicesimo, ss na tt kwenye diciassettesimo, tt kwenye diciottesimo, nn kwenye diciannovesimo. Zipigie mduara kwenye karatasi. Diciassettesimo ndo ngumu kuliko zote, ipe siku yake peke yake usijilaumu.

Umefanikiwa ukiona: unasoma zote kumi mfululizo na unasikia kama wimbo, mwisho wote unafanana, EZIMO, EZIMO, EZIMO.

## Hatua ya 6: Kuanzia 21 kwenda juu

Nyingi hazina jipya. Ven-tu-ne-si-mo (21), ven-tot-te-si-mo (28), tren-te-si-mo (30), qua-ran-te-si-mo (40), cin-quan-te-si-mo (50), cen-te-si-mo (100), mil-le-si-mo (1000). Kwenye ventunesimo angalia n ya pili ipo katikati ya irabu mbili kwaiyo imeenda mbele, tu-ne, ila ile ya kwanza imebaki ven.

Zenye matata ni zile zinazokutanisha irabu:

22, ventiduesimo. Ni ven-ti-du-e-si-mo. U na e zinaachana, usizifanye dwe. Du, alafu E yenye mkazo: venti-du-E-zimo. Sisi hii inatupendelea kwasababu irabu zetu huwa zinaachana, kama u-a, du-a.

23, ventitreesimo. Hapa tre haipotezi e yake, kwaiyo zinakuwa e mbili na zote zinasemwa: ven-ti-tre-E-si-mo. Ukisema moja tu umekosea. Na ile alama ya mkazo iliyopo kwenye ventitré inaondoka, manake mkazo umehama.

26, ventiseiesimo. Sei nayo inabaki nzima. I iliyobanwa katikati ya irabu inaenda na inayofuata na inasikika kama y: venti-se-YE-zimo.

Ukizishika hizi tatu basi umezishika 32, 33, 36, 42, 43, 46 na zote zinazofanana.

Zoezi la wapenda mpira: watangazaji wa Italia wanataja dakika kwa namba hizi hizi. Al novantesimo ni dakika ya 90, no-van-TE-zi-mo. Al quarantacinquesimo ni ya 45, na hiyo ikate kabla hujaijaribu: qua-ran-ta-cin-que-si-mo, silabi saba, kwa-ran-ta-chin-KWE-zi-mo. Skiliza mechi moja ya Serie A kwa Kiitaliano na daftari mkononi, utapata mazoezi ya bure dakika 90.

## Hatua ya 7: Ziweke kwenye sentensi

Namba hizi zinafata jinsia na idadi ya kitu, mwisho unabadilika: primo, prima, primi, prime. Silabi hazibadiliki, mkazo hauhami. Decimo, decima, decimi, decime, zote DE. Ndo maana nikasema kata kwanza, kazi uliyoifanya juu inabaki.

Mahali utakapozihitaji kweli:

Mezani. Il primo ni sahani ya kwanza, mara nyingi tambi, wali au supu. Il secondo ni ya nyama au samaki. Ukihudumia Waitaliano haya maneno mawili utayasema zaidi ya mengine yote, se-CON-do, n ibaki nyuma.

Kwenye gari. Gia ni za kike: prima, seconda, terza, quarta, quinta. Metti la terza, weka gia ya tatu.

Majina ya mapapa. Yanaandikwa kwa namba za Kirumi na yanasomwa kwa namba za mpangilio. Giovanni Paolo II ni secondo, Benedetto XVI ni sedicesimo, Giovanni XXIII ni ventitreesimo, na Leone XIV, aliyechaguliwa Mei 2025, ni quattordicesimo.

Mshahara. Ndugu zetu wanaofanya kazi Italia wanaijua la tredicesima, mshahara wa 13 unaolipwa Desemba. Tre-di-CHE-zi-ma.

Onyo la tarehe: ni tarehe moja tu inayochukua namba hizi, il primo maggio, Mei mosi. Kuanzia mbili ni namba za kawaida, il due maggio, il tre maggio. Usiseme il secondo maggio.

## Jaribio la mwisho

Jirekodi ukisoma hizi bila kusimama, alafu sikiliza na karatasi yako yenye mistari myekundu mkononi:

1. La camera è al terzo piano.
2. È la settima volta, non la decima.
3. Il nono giorno arriva il nonno.
4. Il diciassettesimo e il diciottesimo posto.
5. Siamo nel ventunesimo secolo.
6. Un gol al novantesimo.

Kosa likitokea usirudie sentensi nzima. Rudi kwenye neno, likate, kidevu, kofi, alafu lirudishe kwenye sentensi. Ya tatu ndo pima joto yako, kama nono na nonno zinasikika sawa rudi hatua ya 4 hata kama zingine zote umepata.

Alafu nenda kwa Muitaliano umuulize kitu halisi chenye namba ndani yake, mfano è il secondo o il terzo giorno a Zanzibar? (ni siku ya pili au ya tatu Zanzibar?) Usimuulize kama umetamka vizuri, atakwambia bravo tu kwa ukarimu. Wewe sikiliza anavyojibu. Akirudia neno lako kwanza kama yule mama na ufunguo wake, bado kuna kazi. Akijibu moja kwa moja, "il terzo, partiamo domenica" (ya tatu, tunaondoka Jumapili), basi namba imefika.